Jadotville na Léopoldville: Shule Mbili za Utunzi

Ziwa Tshangalele, huku Katanga, kusini mwa Kongo, ni kazi ya mikono ya watu. Wabelgiji waliuziba mto Lufira penye maporomoko waliyoyaita Cornet, maji yakarudi nyuma na kutanda juu ya mbuga za Basanga, na mwaka 1930 kituo cha umeme cha Francqui, ambacho leo ni Mwadingusha, kikaanza kazi. Umeme wake haukukusudiwa kuwasha taa ya mtu. Ulikwenda kwenye mitambo ya kampuni ya madini ya Union Minière, hasa Shituru, kiwanda cha kusafishia shaba kilicho ubavuni mwa mji wa Likasi. Mwaka uliofuata mji huo ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, injinia wa Kibelgiji aliyepanda hadi kuwa mkubwa wa makampuni. Wavuvi wakapata ziwa, Kompani ikapata nguvu, na kambi za wafanyakazi zikajaa watu ambao babu zao hawakuwahi kusalimiana.

Katika kambi hizo na mitaa iliyozizunguka ilizaliwa shule moja ya utunzi wa nyimbo. Shule ya pili ilizaliwa Léopoldville, upande wa pili wa nchi, ukingoni mwa mto Kongo. Zote mbili zilisimama juu ya gitaa, zilipata umbo miaka ile ile ya 1940 na 1950, chini ya bendera moja ya kikoloni. Hata hivyo, ukizisikiliza bila kuambiwa chochote unaweza kuapa kwamba zimetoka mabara mawili. Masimulizi mengi ya muziki wa Kongo huanzia Léopoldville na kuishia Kinshasa, yaani mji ule ule. Katanga hutajwa katika aya moja, kama chumba cha kungojea kabla treni ya rumba haijafika. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Wimbo wa Jadotville haukuwa rumba changa. Ulikuwa na wazo lake kuhusu nani anasema katika wimbo, anamwambia nani, na kwa lugha ipi.

Lugha kwanza. Kiswahili kilifika huku kabla ya Mbelgiji wa kwanza. Msiri, mtu wa Basumbwa kutoka Unyamwezi, alijenga makao yake Bunkeya katika karne ya 19 na kufanya biashara ya shaba, pembe na watumwa na misafara iliyoelekea pwani. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa Kapteni Stairs, waliotumwa kumtwalia Mfalme Leopold II nchi hiyo. Watu wake, Bayeke, walibaki Bunkeya, na kumbukumbu ya njia ya mashariki haikufutika. Kisha ikaja Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini iliyofika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Vibarua wakatolewa Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, baadaye hata Ruanda-Urundi. Lugha ya kazi ikawa Kiswahili, na wafanyakazi wakakichukua na kukifanyia walichotaka. Mke akawa muke, katika ikawa mu, na palipokosekana neno walikopa Kibemba, Kiluba au Kifaransa bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Watu wa pwani wamekuwa wakikicheka Kiswahili hiki kwa miaka mingi, na baadhi ya kicheko hicho wanastahili kukirudisha mfukoni. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ni maandishi yasiyo na mapambo: fulani alikuja, alifanya hivi, sisi tuliona. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyapata na baadaye, mwaka 1990, akayachapisha na maelezo marefu. Ukiyasoma utatambua sauti ambayo wapiga gitaa walikuwa wameizoeza masikio ya watu kabla yake: mtu mmoja anasimama, anataja aliyoyaona, habembelezi.

Gitaa lenyewe liliingia Kongo kwa milango miwili. Mlango wa magharibi ulikuwa bandari ya Matadi. Mabaharia, makarani na mafundi kutoka Afrika Magharibi walioajiriwa huko walikuja na magitaa yao na namna zao za kuyapiga. Baadaye zikaja santuri za Cuba, zile zenye alama ya GV, na vijana wa Léopoldville wakasikia ndani yake ngoma za mababu waliochukuliwa utumwani zikirudi nyumbani kwa meli. Mlango wa kusini ulikuwa reli. Mtu aliyefanya kazi migodini kule Rhodesia au Afrika Kusini alirudi na gitaa begani, na masikioni alikuwa na nyimbo za Johannesburg na za wachunga ng'ombe wa Marekani waliosikika kwenye gramafoni. Léopoldville ilitazama bahari, Katanga ikatazama reli. Tofauti nyingine nyingi zimeota hapo.

Mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi. Hugh Tracey alizaliwa Devon mwaka 1903, akahamia kusini mwa Afrika akiwa kijana, na alikuwa na imani karibu ya kidini kwamba muziki wa Waafrika utapotea usipowekwa kwenye sahani. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ilimsaidia, nayo ikauza kile ilichoona kina soko. Mtaani Tracey alimkuta kijana wa miaka kama 22 akipiga gitaa, akasimama kusikiliza.

Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, Muyeke, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930. Alikuwa amesoma shule, na sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye ingekuwa ya mshahara wa ofisini na muziki pembeni. Tracey alirekodi nyimbo zake kadhaa, mmoja ukiwa "Masanga". Gallo ikazitoa kwa alama yake ya Gallotone, na "Masanga" ukapata tuzo ya Osborn, iliyokuwa ikitolewa kwa rekodi bora za muziki wa Kiafrika. Kwa miezi michache kijana wa mtaani Jadotville akawa anasikika kutoka Johannesburg hadi Nairobi.

Alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, na gitaa lisilo na umeme. Gumba linatembea chini bila kuchoka. Cha shahada kinapanda, kinakatisha, kinajibu. Baada ya mizunguko michache huwezi tena kusema ni mtu mmoja anayepiga. David Rycroft, mwalimu wa chuo cha London, aliandika makala katika sehemu mbili mwaka 1961 na 1962 akijaribu kuandika kwa nota kila kilichotokea chini ya vidole hivyo, na aligundua kwamba Bosco hairudii zamu moja kama ilivyokuwa. Kila mzunguko una badiliko dogo, na badiliko dogo hilo ndilo hoja ya wimbo.

Hapa ndipo wapenzi wa mashairi wanapokosea kuhusu Bosco. Wanaangalia maneno yaliyoandikwa, wanaona vipande vifupi, vichache, vinavyoruka kutoka jambo hadi jambo, wanasema: hapa kuna gitaa kubwa na shairi dogo. Lakini shairi lake halipo katika maneno peke yake. Sauti inaingia, inasema jambo, inanyamaza, na gitaa linaendelea na jambo hilo hilo kwa njia ambayo maneno yangeliharibu. Kisha sauti inarudi na jambo jingine. Msikilizaji ndiye anayeunganisha. Katika "Masanga" sauti ni mgeni tu anayepita. Katika "Mama na Mwana" au "Tambala Moja" mizani inaelekea upande wa maneno, lakini mwendo ni ule ule.

Kuna sababu ya kihistoria ya uchache huo wa maneno, na nadhani haijatiliwa maanani ya kutosha. Mtunzi wa kijijini anayewaimbia watu wake anaweza kusema nusu ya methali, wengine wakamalizia. Anaweza kutaja jina la babu mmoja na ukoo mzima ukainuka. Waluba wana kasala, sifa ndefu zinazojengwa juu ya majina na matendo ya wazee, na mtu asiyeyajua majina hayo anabaki na kelele nzuri. Katika kambi ya Union Minière hapakuwa na babu wa pamoja. Jirani wa kushoto ni Mubemba, wa kulia ni Muluba wa Kasai, mbele ni Munyarwanda. Mtunzi aliyetaka kueleweka na wote alilazimika kuacha methali za kwao na kushika vitu ambavyo kila mtu alikuwa navyo: mke, mama, mtoto, pesa ya mwezi, pombe, safari, mtu wa kumsengenya. Akatamka jina lake mwenyewe na la mahali alipotoka ndani ya wimbo, kwa sababu hakuna ambaye angemtambulisha. Ufukara huo wa marejeo ukazaa mtindo. Wimbo ukawa mazungumzo ya mtu mzima mmoja na watu wasiomjua.

Bosco hakuwa peke yake. Edouard Masengo, ndugu yake kiukoo, alikuwa na sauti nyepesi na ucheshi zaidi. Alipata mafunzo yake pia jukwaani, enzi ambapo Elisabethville ilikuwa na makundi ya nyimbo na vichekesho kama Jecoke la mtaa wa Kenya. Losta Abelo alikuwa mdogo kwao, mwenye mkono mkali. Kulikuwa pia na shule ya tatu, ya kanisani, ambayo sitaifuata mbali: Joseph Kiwele aliyetunga misa ya Katanga kwa kwaya ya Elisabethville, akaishia kutunga wimbo wa taifa la Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe na kuwa waziri wake wa elimu, na Padri Guido Haazen wa Kamina, ambaye Missa Luba yake ya mwaka 1958 ilizunguka dunia. Hizo zilikuwa kazi za nota, Kilatini na fimbo ya mwongoza kwaya. Mtu wa mtaani alizisikia Jumapili. Siku nyingine sita alikuwa na gitaa.

Sasa twende Léopoldville. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jéronimidis, alifungua kampuni ya santuri akaiita Ngoma. Mwaka huo huo Wendo Kolosoy, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashua za mto, alirekodi "Marie-Louise" akiwa na mpiga gitaa Henri Bowane. Watu wakasema wimbo huo ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu, mapadri wakakasirika, na hakuna tangazo la biashara lililowahi kufanya kazi vizuri kuliko hasira hiyo. Baada ya Ngoma zikaja Opika na Loningisa, nazo za wafanyabiashara wa kigeni. Mwaka 1953 Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz. Tarehe 6 Juni 1956 ikazaliwa OK Jazz, na ndani yake Franco, kijana wa miaka 17.

Angalia tofauti ya mazingira. Kampuni za Léopoldville zilikuwa na studio zao pale pale mjini, zikawapa wanamuziki ala, zikawalipa kidogo, zikataka nyimbo mpya kila wiki. Baa zilikuwa nyingi na wateja wao walikuwa wafanyabiashara, makarani, na akina mama wa mjini wenye pesa zao, ambao waliunda vyama, wakashona sare na kuchagua bendi ya kuiunga mkono. Mwanamke wa aina hiyo alitaka kusikia jina lake likiimbwa, na alilisikia. Orodha ya nyimbo za Léopoldville za miaka hiyo imejaa majina ya wanawake. Sauti haikuwa moja, zilikuwa mbili au tatu zikipanda pamoja, laini kama zimepigwa pasi. Baada ya ubeti huja sebene, gitaa linapofunguliwa na watu wanasimama kucheza. Lugha ni Kilingala, lugha ya mto na ya jeshi, ambayo mdomoni mwa Kabasele ilijifunza upole ambao askari hawakuwa nao.

Mtunzi wa Jadotville anaongea na wewe. Mtunzi wa Léopoldville anambembeleza mtu wa tatu huku wewe unacheza. Sisemi kwamba mmoja ni bora, ingawa moyo wangu uko upande wa Lufira na sitaficha. Ubora wa Léopoldville ulikuwa katika kuendelea: Simaro Lutumba, aliyeingia OK Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuitwa Mshairi hadi alipofariki mwaka 2019, aliweza kuchukua wimbo wa mapenzi na kuufanya uzungumze juu ya kifo na udongo, kama alivyofanya katika "Mabele". Franco naye alichukua kijembe cha mtaani akakifanya silaha. Shule yenye kampuni, bendi za kudumu na wasikilizaji wanaolipa huwapa watunzi wake nafasi ya kuzeeka kazini. Bosco hakuipata nafasi hiyo.

Wasomi wa Kiingereza wana mfano ambao unanisaidia hapa. Katika karne ya 17 walikuwepo, kwa hesabu ya vitabu vya shule, washairi wa aina mbili. Upande mmoja ni John Donne, George Herbert na Andrew Marvell, wanaoitwa washairi wa metafizikia: wanabishana na mpenzi, na Mungu, na mauti, na katikati ya mapenzi wanaingiza bikari ya fundi ramani au kiroboto. Upande wa pili ni watu wa Mfalme Charles I, akina Carew, Suckling na Lovelace, pamoja na Robert Herrick aliyekuwa kasisi kule Devon, mkoa ule ule uliomtoa Tracey. Hao walimfuata Ben Jonson, wakapenda mstari safi, divai, waridi linalonyauka na msichana anayepaswa kuamua leo. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwaka 1642, mfalme akakatwa kichwa mwaka 1649, na divai ile ikawa na ladha nyingine.

Mwanafunzi hufundishwa shule hizi mbili kana kwamba zilikuwa na daftari la mahudhurio. Ukweli ni kwamba Donne hakujua kuwa ni wa shule yoyote. Mashairi yake yalizunguka kwa nakala za mkono na yakachapishwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake. Jina la metafizikia lilitokana na dhihaka ya Dryden mwishoni mwa karne hiyo, na Samuel Johnson akalikaza karne iliyofuata, naye hakuwa akisifu. Ni T. S. Eliot, mwaka 1921, aliyewaaminisha wasomaji kwamba aibu hiyo ilikuwa sifa. Shule hutangazwa na waliokuja baadaye, na mara nyingi na watu wasiokuwa wa mtaa huo.

Katanga imepitia njia hiyo. Bosco, Masengo na Abelo hawakujiita shule. Waliowaita hivyo ni Tracey na mashine yake, Rycroft na nota zake, Gerhard Kubik wa Vienna, kisha John Low wa Uingereza aliyesafiri hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, kujifunza gitaa kwa wazee hao na shajara yake ikachapishwa mwaka 1982. Léopoldville nayo iliandikiwa historia yake na wenyeji, na redio, na wanasiasa waliotaka kuonekana karibu na Franco. Moja ikawa urithi wa taifa, nyingine ikawa mada ya utafiti.

Nikilazimishwa kulinganisha, namweka Bosco upande wa Donne: sauti ya mtu anayeongea, miruko ya ghafla, hoja inayofanywa na kitu ambacho hukukitarajia, kwake kitu hicho kikiwa kidole gumba. Kabasele namweka kwa Jonson na vijana wa mfalme, ulaini, majina ya wanawake na ukumbi wenye taa. Ulinganisho huo unavunjika haraka, kwa sababu Donne aliandikia wasomi wachache na Bosco alipiga barabarani ambako yeyote aliweza kusimama. Labda aliyekuwa karibu naye zaidi ni Thomas Campion, daktari wa London aliyetunga maneno na muziki wa nyimbo zake mwenyewe, za sauti moja na ala moja ya nyuzi.

Kwa nini basi shule ya Katanga ilikwisha? Jibu la kawaida ni kwamba watu walichoka na gitaa kavu wakataka gitaa la umeme. Jibu hilo lina kichekesho chake. Léopoldville ilikuwa na magitaa ya umeme tangu miaka ya 1950. Jadotville, iliyokaa karibu na bwawa la Mwadingusha na baadaye la Koni, ndiyo iliyokuwa jirani wa umeme mwingi, na muziki wake maarufu ulipigwa bila waya hata mmoja. Nguvu za Tshangalele zilikuwa na mwenyewe. Zilikwenda kwenye matangi ya kusafishia shaba, na shaba ikaenda Ulaya. Kampuni iliyotoa nyumba, posho, shule na hospitali haikuona sababu ya kutoa studio. Aliyetaka sahani alingoja Mzungu apite na gari lake, na sahani yenyewe ilitengenezwa Johannesburg. Léopoldville kulikuwa na Wagiriki wanaogombania waimbaji. Jadotville kulikuwa na mwajiri mmoja.

Siasa ikamalizia. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe akatangaza Katanga nchi. Mwezi Septemba 1961 Jadotville ikawa uwanja wa vita, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walizingirwa na kushindwa baada ya siku kadhaa, na hadi leo watu wa ng'ambo wakilisikia jina la mji wetu wanawaza filamu ya vita hivyo. Katanga ikarudishwa Kongo mwanzoni mwa 1963. Mobutu alipochukua nchi mwaka 1965, uzito wote ulihamia Kinshasa: redio, pesa, viwanda vya santuri, hata lugha ya amri, kwa maana askari aliyepelekwa Likasi alikuja na Kilingala. Santuri za zamani za dakika tatu zilikuwa zikifa dunia nzima, na zilikuwa ndizo kipimo ambacho wimbo wa Katanga ulishonewa. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na Katanga ikawa Shaba. Kijana wa Likasi aliyetaka kuwa mwanamuziki sasa alitafuta bendi, si kona ya barabara.

Bosco mwenyewe alizeeka kwa utulivu ambao haumfai mtu wa hadithi. Alifanya kazi, alikuwa na bendi yake Lubumbashi, alialikwa kwenye tamasha la Newport kule Marekani mwaka 1969, akarudi. Mwaka 1988 alirekodi Cape Town albamu iliyoitwa kwa jina lake, Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari. Masengo alimfuata mwaka 2003.

Lakini wakati shule ilikuwa inafungwa nyumbani, ilikuwa imekwisha kufungua madarasa mashariki, na huko ndiko wanahistoria wa Kinshasa wasikoangalia. Mwaka 1959 Bosco alikaa Nairobi kwa miezi, akisikika redioni kwa udhamini wa vidonge vya Aspro. Masengo alikaa muda mrefu zaidi, akashika soko hadi akaimbia matangazo ya Coca-Cola. Wapiga gitaa wa Kenya waliokuwa wakipapasa mtindo wa vidole walikuwa na waalimu waliozungumza Kiswahili, cha ajabu kidogo, ila cha kueleweka. Wimbo wa Kilingala wangeucheza tu. Wa Bosco waliweza kuujibu.

Miaka ya 1970 ikaleta wimbi la pili, na safari hii lilikuwa la bendi. Ilunga wa Ilunga, ambaye Afrika Mashariki yote inamjua kama Baba Gaston, alizaliwa Likasi mwaka 1936, ilipokuwa bado Jadotville. Aliwahamishia vijana wake wa Baba National Dar es Salaam mwaka 1971, kisha Nairobi mwaka 1975. Orchestra Maquis nayo ilitoka kusini mwa Zaire ikatua Dar. Ndani yake alipita Kikumbi Mwanza Mpango, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye Watanzania walimwita King Kiki na ambaye "Kitambaa Cheupe" chake kilimfuata hadi alipofariki mwaka 2024. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja mwaka 1978 na kuimba juu ya kifo, umaskini na ukimwi kwa Kiswahili ambacho hakikuwahi kuona haya.

Ukizisikiliza bendi hizo kwa makini utasikia shule mbili zikiwa zimeoana. Magitaa matatu, sauti za pamoja, sebene ya mwisho: hayo ni ya Kinshasa na hakuna wa kubisha. Lakini juu yake anasimama mtu mmoja, anajitaja jina, anaongea na wewe kwa Kiswahili, anaacha maneno yaruke na kumwachia mpiga gitaa aunganishe. Ongala alifanya hivyo dakika kumi mfululizo, muda ambao sahani ya Gallotone haingeubeba. Watanzania wakauita muziki wa dansi na kuuhesabu kuwa wao, kwa haki kabisa, maana walioukamilisha walikuwa wengi na wa kila kabila. Vitabu vya Kinshasa vinaueleza kama tawi la rumba lililovuka ziwa Tanganyika. Kwa masikio yangu tawi hilo lina mizizi miwili, na mmoja unaishia kwenye mitaa ya Likasi.

Baba Gaston alifariki mwaka 1997. Wimbo wake wa Krismasi, "Kakolele", unapigwa Kenya kila Desemba: redioni, ndani ya matatu, kwenye maduka ya nguo za watoto. Watangazaji huutambulisha kama wimbo wa Kikongo, na mara nyingi wanaongeza kwamba ni rumba kutoka Kinshasa.